Kabla ya kumwita nzige, tazama vipapasio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno kuhusu jina "panzi", ambalo magazeti, maduka ya pembejeo na sisi wenyewe tunalibandika kwa kila mdudu mwenye miguu mirefu ya kurukia. Huku Moshi jina hilo lina gharama. Anayeitwa panzi au nzige hupuliziwa dawa siku hiyo hiyo, na miongoni mwa wanaopuliziwa wamo wawindaji: senene wenye miguu ya miiba ambao usiku hukamata viwavi, panzi na wadudu wengine na kuwatafuna wakiwa hai. Hofu ya wakulima ina sababu, hasa tangu nzige wa jangwani walipoingia mikoa ya kaskazini mwaka 2021. Lakini kumtofautisha nzige na senene ni kazi ya dakika moja, na haihitaji maabara.

Anza na vipapasio. Vya nzige na panzi wa mchana ni vifupi, vinene kiasi, na pingili zake kwa kawaida hazifiki 30. Vya senene ni vyembamba kama uzi, na mara nyingi ni virefu kuliko mwili mzima. Kama vimekatika, na hukatika kirahisi mdudu akishikwa vibaya, tafuta sikio. Nzige ana sikio ubavuni, mwanzo wa tumbo, chini ya mbawa. Senene ana masikio kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti: kitundu chenye umbo la yai, au mpasuko mwembamba upande huu na huu wa mguu. Ukiwa na lenzi ya kukuza mara 10, hesabu pingili za wayo. Senene ana 4; nzige ana 3, na nyenje vilevile 3. Kati ya senene na nyenje kuna alama nyingine ya madume waliokomaa: senene hulaza bawa la kushoto juu ya la kulia, nyenje hulaza la kulia juu ya la kushoto. Wote wawili huimba kwa kusugua msumeno mdogo wa bawa moja dhidi ya ukingo wa bawa jingine.

Jike la senene ana kitu kama upanga nyuma ya tumbo, kilichonyooka au kilichopinda kama mundu. Watu humwua kwa sababu ya upanga huo wakidhani ni mwiba wa sumu. Ni chombo cha kutagia mayai ardhini au ndani ya shina, hakichomi mtu wala hakina sumu. Kinachouma kwa senene mwindaji ni mataya, na yale makubwa yanaweza kutoa damu kidoleni. Mshike kwa kumfunika na kikombe cha plastiki na kupitisha karatasi ngumu chini yake. Ukimshika mguu mmoja wa nyuma atauacha mkononi mwako na kukimbia.

Sasa miiba, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Senene mwindaji ana miiba mirefu iliyopangwa safu mbili kwenye miguu ya mbele na ya kati, hasa kipande kilicho chini ya goti. Akirukia windo, miguu hiyo minne hufunga kama tenga: miiba huingiliana, na mdudu aliye ndani hapati pa kutokea. Kwa sababu hiyo wengi humwita vunjajungu. Si yeye. Vunjajungu hutumia miguu miwili tu ya mbele, inayokunjika kama kisu cha kukunja; miguu yake ya nyuma ni myembamba, haina paja nene la kurukia; kichwa chake ni pembetatu na hugeuka huku na huku. Hutaga mayai ndani ya povu linalokauka kwenye tawi, jambo ambalo senene hafanyi. Kwa ukoo vunjajungu yuko karibu na mende kuliko na panzi. Anayewachanganya asione haya: Linnaeus mwenyewe, katika kitabu chake cha 1758 kilichoweka msingi wa majina ya wanyama, aliwatia vunjajungu, nyenje, senene na nzige wote katika jenasi moja, yaani kundi moja la spishi za karibu, Gryllus.

Leo wamegawanywa hivi. Oda ni Orthoptera. Ndani yake kuna nusuoda mbili: Caelifera, yenye vipapasio vifupi, ambako wako nzige na panzi, na Ensifera, yenye vipapasio virefu, ambako wako nyenje na senene. Senene ni familia Tettigoniidae, yenye spishi zaidi ya 7,000 duniani. Wengi wao hula majani, maua, chavua au mbegu. Ruspolia differens, senene yule anayekaangwa Bukoba, hula nyasi na nafaka changa, kwa hiyo mtu asidhani kwamba kila senene ni rafiki wa shamba. Na wapo wa katikati: jenasi Conocephalus, wadogo wa kwenye majani marefu, hula chavua na mbegu changa lakini pia vidukari na mayai ya wadudu. Huko Asia, Conocephalus longipennis anajulikana kwa kula mayai ya viwavi wanaotoboa mashina ya mpunga, na bado huguguna mpunga wenyewe. Mkulima wa mpunga wa Mabogini akimkuta wa jenasi hiyo asimhesabu moja kwa moja kuwa adui wala mlinzi. Atazame kwanza mashina yana nini.

Wawindaji kamili wanapatikana hasa katika nusufamilia chache, na hapo ndipo wataalamu wenyewe wamehangaika. Saginae ndiyo iliyo wazi zaidi: wadudu wakubwa, wembamba kama kijiti, wenye miguu mirefu ya miiba. Anayejulikana kuliko wote ni Saga pedo wa Ulaya na Asia, aliyeelezwa na mtaalamu wa viumbe Pallas mwaka 1771. Takriban wote ni majike, na hutaga mayai yanayoanguliwa bila dume. Sisi Waafrika tunayo jenasi yetu, Clonia, ambayo haipo bara jingine. Kisha kuna Listroscelidinae, na hii kwa muda mrefu ilikuwa kapu. Senene yeyote mwenye miguu ya miiba mirefu alitupwa humo, awe ametoka Brazili, Madagaska au Australia. Humo yumo Chlorobalius leucoviridis wa Australia, ambaye mbinu yake ilichapishwa mwaka 2009: nyenze dume (huyu ni mdudu wa mitini, si nyenje) anapoimba mtini, senene huyo hujibu kwa mlio unaofanana na wa nyenze jike, dume anasogea, analiwa.

Kapu hilo lilitoboka pale vinasaba vilipopimwa. Utafiti mkubwa wa ukoo wa senene uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba nusufamilia kadhaa zilizojengwa kwa umbo la nje si koo za kweli, na Listroscelidinae ni mojawapo. Sababu yake si ngumu. Miiba ni zana, na zana huletwa na kazi. Koo mbili tofauti zikianza kuishi kwa kuwinda, vizazi kwa vizazi miguu yake huishia kufanana. Popo ana mabawa na wala si ndege. Kwa hiyo miguu ya miiba inakuambia mdudu huyu anakula nini. Haikuambii ni wa ukoo gani. Ukoo husomwa kwenye vitu vingi kwa pamoja: muundo wa sikio, mishipa ya mbawa, idadi na umbo la meno ya msumeno wa kuimbia, viungo vya uzazi vya dume, na vinasaba.

Mfano mzuri kuliko yote tunao hapa hapa mlimani. Mwaka 2001 mtafiti Claudia Hemp, aliyefanya kazi ya miaka mingi juu ya panzi na senene wa Kilimanjaro, alieleza jenasi mpya kwa sayansi, Aerotegmina, na spishi yake Aerotegmina kilimandjarica. Dume wake ana mbawa zilizovimba kama puto, na uvimbe huo ndio unaokuza sauti yake anapoimba usiku juu kwenye matawi ya msitu. Mwaka 2006 akaeleza ndugu yake wa Upare wa Kusini, Aerotegmina shengenae, aliyepewa jina la kilele cha Shengena. Jenasi hiyo iliingizwa kwanza Listroscelidinae. Leo inahesabiwa katika Hexacentrinae. Mdudu ni yule yule na msitu ni ule ule. Kilichohama ni nafasi yake kwenye ukoo. Waswidi wa msafara wa mtaalamu wa wadudu Sjöstedt walikusanya wadudu Kilimanjaro na Meru tangu 1905 hadi 1906, na bado karibu miaka mia baadaye jenasi nzima ilikuwa haijapewa jina. Hilo linanipa matumaini kwamba vijana wetu wa Moshi na Arusha wana kazi ya kufanya hapa, bila kusubiri mgeni.

Anayetaka mdudu wake atambuliwe, picha moja ya mgongoni haitoshi. Zinahitajika nne: ubavu mzima, uso kwa mbele, miguu ya mbele kwa chini ili miiba ihesabike, na ncha ya tumbo. Weka rula yenye milimita pembeni. Kosa linaloharibu kazi mara nyingi ni tunutu kuchukuliwa kuwa mkubwa. Senene mchanga hana mbawa kamili, na mtu huandika "spishi isiyo na mbawa". Tazama vile vipande vya mbawa. Kwa tunutu waliokaribia kukomaa, kipande cha nyuma hulala juu ya cha mbele. Kwa mkubwa mwenye mbawa fupi, cha mbele ndicho kiko juu. Tunutu asipewe jina la spishi, kwa sababu viungo vinavyotofautisha spishi bado havijakomaa.

Sauti nayo inasaidia, ila simu ina mpaka. Simu nyingi hunasa hadi takriban kilohezi 20, na senene wengi huimba juu ya hapo. Rekodi ikiwa kimya haimaanishi mdudu alikuwa kimya. Andika na joto la hewa wakati wa kurekodi, maana baridi hupunguza kasi ya mlio, na rekodi ya Marangu usiku wa Julai hailingani na ya Kahe mwezi Januari hata kama spishi ni moja.

Ikibidi kumhifadhi mdudu awe mfano wa utafiti, kata kwanza mguu mmoja wa nyuma uutie kwenye alkoholi ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba. Senene mkubwa akikaushwa mzima huoza kwa ndani na kuwa mweusi, kwa kuwa tumbo limejaa chakula. Pasua tumbo kwa chini, toa matumbo, jaza pamba kidogo, kisha mkaushe kivulini penye hewa. Pini hupitishwa upande wa kulia wa ngao ya shingoni, si katikati, ili mstari wa kati ubaki mzima. Rangi ya kijani itafifia, kwa hiyo picha zipigwe kabla. Mfano usio na lebo ya mahali, mwinuko, tarehe na mmea alipokutwa hauna faida kwa mtafiti, hata ungekuwa mzuri namna gani.

Nirudi shambani. Dawa za jamii ya pairethroidi hazichagui: zinaua kiwavi na mwindaji wake. Viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa nchini mwaka 2017, hukamilisha kizazi kwa takriban mwezi mmoja kwenye joto, na nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Senene wawindaji hawana mbio hizo; mayai ya Saga pedo yanaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka kabla ya kuanguliwa. Baada ya dawa, kiwavi hurudi kwanza na kukuta shamba halina askari. Kwa hiyo kagua kabla ya kupuliza: sehemu 5 za shamba, miche 20 kila sehemu, jumla 100, na idadi ya miche yenye viwavi au majani yaliyotobolewa upya ndiyo asilimia yako. Kiwango kinachotumika Afrika kwa mkulima mdogo ni takriban asilimia 20 kwa mahindi machanga na 40 kwa mahindi makubwa kabla ya mbelewele. Chini ya hapo, acha wawindaji wafanye kazi.

Simaanishi kwamba tuwafuge tuwamwage mashambani. Senene mwindaji hachagui windo. Atamla nyuki na vunjajungu kama anavyomla kiwavi, na wawili wakiwekwa kopo moja mara nyingi asubuhi utamkuta mmoja. Faida yake hupatikana akiachwa alipo: kingo za shamba zenye nyasi zisifyekwe zote kwa siku moja, na moto usipitishwe mahali mayai yalipo ardhini.

Kwako, Mhariri, ombi langu ni dogo. Picha ya mdudu ikifika mezani pako na maneno "nzige wavamia", mwombe mpiga picha akutumie nyingine inayoonyesha vipapasio na miguu ya mbele. Vipapasio vikiwa virefu na mdudu si nyenje, andika "senene". Miguu ikiwa na safu za miiba mirefu, andika "senene mwindaji", na uishie hapo. Jina la Kilatini liachwe hadi mtaalamu amwone. Vikiwa vifupi na wadudu ni wengi, wamekusanyika pamoja, basi taarifa ifike haraka kwa afisa ugani au kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu pale Ngaramtoni, Arusha, kabla hata gazeti halijachapwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa baiolojia,
Moshi