Mjomba, ile Lancaster ilikuja kwetu na kamera

Shikamoo mjomba,

Kwenye kundi la ukoo uliandika kwamba Waingereza wamekosa pa kupeleka pesa, ndiyo maana wanachoma mafuta kurusha ndege kuukuu ya kuulia watu. Nakujibu hapa peupe kwa kuwa wengi walikuunga mkono, na kwa kuwa kuna jambo linalokuhusu wewe mwenyewe, mpima ardhi mstaafu.

Ndege yenyewe ni Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, namba PA474. Ziliundwa 7,377, leo zinazoruka ni mbili tu duniani, hii ya kambi ya jeshi la anga ya Coningsby, Lincolnshire, Uingereza, na nyingine iliyoko Hamilton, Kanada. PA474 ilitoka kiwandani mwaka 1945, ikikusudiwa kwenda kupigana na Japani, na vita vikaisha kabla haijafika huko. Kwa hiyo hii unayoilaani haijamdondoshea mtu bomu hata moja.

Basi ilifanya kazi gani? Ilifungwa kamera, ikapewa kikosi namba 82, ikaja kupiga picha za ardhi Afrika Mashariki na Kusini. Kikosi hicho kilikuwa na makao Eastleigh, Nairobi, ilipo leo kambi ya jeshi la anga ya Moi, jirani kabisa na maduka ya Isili, kama wenyeji wanavyoiita Eastleigh. Picha zake zilipelekwa Uingereza kuchorewa ramani za makoloni. Sisemi ndizo ulizokuwa ukizikunjua mezani kwako, ila kazi yenu ina asili moja. Wenye mashamba, bila shaka, hakuna aliyewapigia hodi.

Kuhusu mauaji sikubishii. Ndugu zake PA474 waliichoma miji ya Ujerumani, Hamburg Julai 1943 na Dresden Februari 1945, raia kwa maelfu wakateketea. Waliokuwa ndani nao, saba kwa kila ndege, walikuwa vijana wabichi: kati ya wanaanga 125,000 hivi wa kamandi ya mabomu ya Uingereza, walikufa 55,573. Hesabu hiyo huwa inanikwama kooni.

Pesa zinatumika, kweli. Injini nne za Merlin zinataka mafundi wa kudumu, na miaka ya tisini ilibidi mhimili mkuu wa mabawa ubadilishwe. Mei 2015 injini moja ilishika moto angani. Ikatua salama, ikatengenezwa, ikarudi kuruka mwaka uleule. Saa zake za kuruka hupimwa kwa ubahili, na hairuhusiwi kupinduka wala kufanya mbwembwe. Inapita tu, chini kidogo, ikinguruma.

Mimi nasema iendelee. Ikiegeshwa jumba la makumbusho, watu wataipita wakitafuta mkahawa. Ikiwa juu, mtoto atauliza ile ni nini, na mzazi italazimu ajibu. Ugomvi wangu ni na hilo jibu. Maonyesho niliyohudhuria, mtangazaji aliwasifu marubani kwa kirefu, akawaruka waliokuwa chini ya mabomu, na Nairobi hakuitaja kabisa. Nafasi alikuwa nayo ya kutosha. Ndege ilizunguka mara kadhaa.

Ukiamua kuja uione, uje majira ya joto. Wakati wa baridi huwa inafunguliwa kwa matengenezo na hairuki. Mambo ya viza tuyaanze mapema, unawajua hawa.

Wasalimie shangazi na watoto.

Mpwa wako