TARIBAN si ndizi za GMO

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba migomba ya TARIBAN, zile aina mpya za ndizi, ni ya GMO (iliyobadilishwa vinasaba maabara) na kwamba wananchi wa Kagera wanafanyiwa majaribio. Ningenyamaza, ila maneno hayo yameshaingia kwenye kibanja cha jirani yangu hapa Kamachumu, mzee ninayemheshimu kama kaka. Mwezi uliopita aling'oa migomba mitatu niliyompa kwa mkono wangu. Akaniambia, "Mwalimu, hizi zimechezewa maabara. Siwapi wajukuu." Iliniuma sana, kwa sababu nimefundisha Baiolojia miaka 31 na jambo hili nalijua.

Migomba yetu ya asili, Enshakala, Enyoya, Enchoncho, ina kromosomu (nyuzi ndogo zinazobeba urithi) 33 katika kila seli, yaani seti tatu za kromosomu 11. Mgomba mwitu una seti mbili, jumla 22. Seti ya tatu haikutiwa na mtu. Iliingia yenyewe enzi za kale, na wakulima wa zamani walipoona tunda nono lisilo na mbegu wakalishika, wakalieneza kwa machipukizi. Hali hiyo ya kuwa na seti zaidi ya mbili ndiyo poliploidi. Darasani nilikuwa nasema: watoto wawili, maembe matatu, hakuna kisu, haya gawaneni. Mgomba wenye seti tatu hukwama hapohapo unapotaka kuunda chavua na mayai ya uzazi. Vile vidoa vyeusi unavyoviona katikati ya ndizi mbivu ni mbegu zilizoishia njiani.

Nisifiche kitu, kuwa na seti tatu peke yake hakutoshi kuondoa mbegu. Mchare wa Moshi una seti mbili tu na hauna mbegu, kwa kuwa tunda lake hujaa hata ua lisipochavushwa. Ndizi zetu zina tabia zote mbili.

Shuleni tulikuwa na mgomba wa mchare kando ya Enshakala. Niliwapa wanafunzi rangi ya kucha, wakaipaka upande wa chini wa jani, ikakauka, wakaibandua kwa seloteipu na kuiweka chini ya hadubini. Vitundu vya kupumulia vya mchare vilikuwa vidogo na vimesongamana. Vya Enshakala vilikuwa vikubwa, vimeachana. Seli yenye kromosomu nyingi huwa kubwa, na ukubwa huo unafika hadi kwenye umbo la mmea mzima: migomba ya seti mbili huwa myembamba na majani yake husimama, ya seti nne huwa na majani mazito yanayoinama na kuning'inia.

Sasa, TARIBAN zimezaliwaje? Maua ya kike ya mgomba wa asili huchavushwa asubuhi na mapema kwa chavua ya Calcutta 4, mgomba mwitu wenye seti mbili unaostahimili sigatoka nyeusi, ugonjwa unaokausha majani kabla mkungu haujakomaa. Mara chache sana yai la mama hubaki na kromosomu zote 33, likapokea 11 za baba. Mtoto ana 44, seti nne. Huyo hatufai mezani, maana anaweza kubeba mbegu, na hakuna anayetaka kuvunja jino kwenye sahani ya ndizi. Lakini yeye anagawanyika sawasawa, 22 kwa 22. Akichavushwa tena na mgomba wa seti mbili unaotoa 11, tunarudi kwenye 33: ndizi isiyo na mbegu kama ya bibi zetu, ila yenye kinga ya baba.

Maabara imehusika, ndiyo, na nitasema ilifanya nini. Niliwahi kushika mbegu hizo mkononi: nyeusi, ngumu, kubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga. Mkungu mzima unaweza kupondwa usipate hata moja. Ikipatikana, ukiifukia ardhini ni nadra kuota, kwa hiyo kiini chake hutolewa taratibu na kulelewa kwenye chupa yenye chakula, kama mtoto njiti. Hakuna jeni (kipande cha urithi) ya kigeni iliyochomekwa, na bila hilo si GMO. Kazi hii ya watafiti wa NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, ilichukua miaka mingi, ndipo TARIBAN 1 hadi 4 zikaidhinishwa hapa nchini mwaka 2021.

Mtu akisema ladha yake haifikii Enshakala, hapo tutajadiliana, mimi mwenyewe bado naipenda Enshakala na sitaing'oa. Lakini migomba yetu ya asili inakaribiana mno kwa damu, yote ni machipukizi ya machipukizi. Ugonjwa ukiuweza mmoja, kibanja kizima kimo hatarini.

Ombi langu ni kwa maofisa ugani. Mnapogawa miche, msiishie kwenye nafasi za mashimo na samadi. Njooni na zile mbegu nyeusi kwenye kichupa, wazee wazishike, muwaeleze mama ni nani na baba ni nani. Jirani yangu hakuwahi kuelezwa na mtu yeyote, hata mimi niliyempa miche sikumweleza.

Mkungu wangu wa TARIBAN utakuwa tayari kabla ya masika. Nimemwalika mzee aje tuupike pamoja, na chipukizi lake nimelitenga.

Mwalimu mstaafu,
Kamachumu, Muleba