Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana,

Habari za ada na matumizi namwachia mweka hazina. Msiba tuliochangia na sherehe ya watoto ya mwisho wa mwaka mnazijua, maana mlikuwapo, na kamati inawashukuru. Mimi nitazungumzia uraia wa hapa Italia, jambo lililochukua jioni nyingi za kamati.

Tarehe 8 na 9 Juni, Italia ilipiga kura ya maoni: je, mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya aruhusiwe kuomba uraia baada ya kuishi hapa miaka 5 badala ya 10? Wengi wa waliopiga walikubali. Lakini waliojitokeza walikuwa kama asilimia 30 tu, na sheria inadai zaidi ya nusu, basi hakuna kilichobadilika. Wengi wetu tulikaa nyumbani siku hizo mbili, si kwa uvivu, ila kwa kuwa asiye raia hana kura. Iliniuma sana.

Ndiyo maana katika kikao cha vijana tulimzungumzia Cécile Kyenge, mzaliwa wa Kongo aliyewahi kuwa waziri hapa Italia na kupigania uraia wa watoto wa wageni. Alizaliwa mwaka 1964 Kambove, mji wa migodi kule Katanga, kwa ndugu zetu wa Kiswahili cha Kongo. Alifika Italia mwaka 1983 kusomea udaktari, na ili ajilipie masomo alitunza wazee majumbani, kazi ileile ambayo mama zetu wengi humu chamani wanaifanya hadi leo. Akahitimu, akawa daktari wa macho.

Vijana walikuwa wanajua kisa kimoja tu: ndizi alizotupiwa akihutubia Cervia mwaka 2013. Nilisikitika, kwa sababu matusi ndiyo sehemu ndogo kabisa ya habari yake. Mwaka 2002 alianzisha chama cha watu wa tamaduni mbalimbali, DAWA. Mwaka 2004 akachaguliwa baraza la mtaa mjini Modena, mwaka 2009 baraza la mkoa, Februari 2013 Bunge, na Aprili mwaka huohuo akawa Waziri wa Utangamano, mtu mweusi wa kwanza kuwa waziri Italia. Kabla ya uwaziri, basi, kulikuwa na zaidi ya miaka kumi ya vikao kama hivi vyetu.

Uraia kwa kuzaliwa, jambo alilolipigania kuliko yote, haukupita. Lakini serikali aliyokuwamo iliacha kitu ambacho wengi hawakijui. Mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa anapotimiza miaka 18 ana mwaka mmoja wa kutamka kwamba anataka uraia. Tangu 2013, manispaa lazima imwandikie ndani ya miezi sita kabla ya siku hiyo, na uzembe wa wazazi au wa ofisi katika makaratasi hauwezi kumnyima haki yake. Mwaka huohuo, kazi za serikali nyingi zilifunguliwa kwa wenye kibali cha kudumu na kwa wakimbizi.

Kwa hiyo wajumbe wetu walipita nyumba kwa nyumba kwenye familia zenye vijana wa miaka 17. Walikuta barua haijafunguliwa, ikidhaniwa ni bili. Walikuta familia iliyohama bila kubadilisha anwani. Kina mama waliofanya ziara hizi baada ya zamu za usiku, Mungu awalipe. Sijaona kazi ya maana kuliko hiyo tangu niingie kwenye uongozi.

Mwaka ujao ziara zitaendelea, na chama kitasaidia familia isiyo na uwezo kulipa ada ya euro 250 ya kutamka uraia huo. Pia kamati inaomba wazazi mgombee mabaraza ya shule za watoto wenu. Huko hakuna anayedai uraia, na maamuzi ya shule yanafanyika mezani pale. Anayekubali ampe katibu jina lake kabla ya mkutano mkuu, tumuandae pamoja, Kiitaliano cha vikao kikiwemo.