Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu na kina mama,

Misiba tuliyozika pamoja mnaijua. Msaragambo wa mitaro, ile kazi yetu ya pamoja, mnaujua pia: tulikuwa 14 kati ya wanachama 112, na majina ninayo. Ada, faini na salio la mwaka jana kwa jumla ni sh. 3,214,000, matumizi sh. 2,905,000. Mchanganuo anao mhazini.

Niende kwenye usafiri, maana ndio ulionifanya nisemwe hadi kisimani, kwamba nilikula hela na kazi nikampa shemeji.

Wenzetu wa Buswelu, hapa hapa Mwanza, wana lami na daladala zao. Sisi tuliojenga huku juu kwenye mawe tunashushwa chini. Mama aliyetoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba na ndoo ya dagaa ama apande mlima kwa miguu, ama atoe 1,500 ya bodaboda, na mvua ikinyesha hata hiyo 1,500 inakataliwa. Anayeshuka basi Nyamhongolo usiku, msiniambie, mwanangu alilala palepale stendi.

Ndipo kamati ikaamua kumfidia mwenye Hiace sh. 20,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, apandishe gari hadi kwenye mwembe asubuhi na jioni. Ilikwenda wiki nane, sh. 960,000. Wanaosema nilikula hela waikokotoe wenyewe.

Ndiyo, mwenye gari ni shemeji yangu. Sikuficha. Nililisema kwenye kikao cha Machi, tukiwa watu tisa, na muhtasari umesainiwa. Wenye Hiace wengine wanne niliwafuata kwa miguu yangu; kila mmoja aliutazama ule mteremko wa kwenye jiwe kubwa akauliza springi nitamnunulia mimi? Hela ya maturubai na masufuria ya misiba tuliigusa, nakiri, lakini mfiwa naye anahitaji gari la kumfikisha nyumbani.

Kilichoua mpango si shemeji. Wiki ya tatu gari lilikuwa linapanda na abiria wanne, huku wanachama walewale waliolililia wakipita na bodaboda, wanampungia konda mkono. Dereva akaanza kukatisha ruti. Mimi mwenyewe nilimkemea, shahidi ni mke wangu.

Kuna anayedai ningepata njia rasmi ningekuwa mwenyekiti wa kweli. Leseni ya njia hutolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, haitolewi na mimi, na hakuna mwenye gari atakayeiomba njia isiyopitika. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Barua ya kuomba kalavati na kifusi niliipeleka kwa nauli yangu, na risiti sijaidai.

Sasa ada. Ni 2,000 kwa mwezi, chini ya nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Waliomaliza mwaka ni 31. Wengine 40 hawajatoa hata mwezi mmoja, na baadhi yao ndio wenye maswali mengi leo. Sitawataja, wanajiona.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kuongea na vijana wa bajaji, na kifusi kikipatikana tutaona. Maturubai yatanunuliwa hali ikiruhusu.

Maswali kuhusu shemeji nitayajibu baada ya chai. Mhazini amekaa mlangoni na daftari.