Na anayekata bila kuniuliza tumwiteje?

Mhariri,

Nimewasoma tangu enzi gazeti likifika huku Newala limechelewa siku mbili, na sijawahi kuwaandikia. Ripoti yenu ya juma lililopita ndiyo imenitoa kimya, ile ya afisa aliyewaambia wachuuzi wa sokoni kwamba asiyelipa kodi ni mwizi. Haya. Na anayechukua bila kuuliza tumwiteje?

Msimu uliopita nilipeleka ghalani kilo 412 za korosho. Mimi na mke wangu tuliziokota, tukazitenga na mabibo, tukazianika na kuzichambua mpaka migongo ikakataa kunyooka. Siku ya malipo nikapewa kikaratasi. Juu bei ya mnada, chini yake makato yanateremka kama ngazi: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi cha ushirika, chama kikuu, ghala, usafiri, na mstari mmoja umeandikwa "mengineyo". Nikamuuliza karani, mwanangu, mengineyo ndiyo nini? "Babu, ndiyo utaratibu." Mengineyo! Mwizi wa kuku ukimkamata angalau unajua kachukua kuku. Na hapo sijagusa ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje. Mnunuzi anaulipa yeye, lakini mnadani anakuwa keshaupunguza kwenye bei yangu. Zamani asilimia 65 ya ushuru huo ilitakiwa irudi kuendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini wakapiga kelele, wapi! Sisi wenye mikorosho hakuna aliyekuja kutuuliza kitu.

Mjukuu wangu aliyeko chuo ananiambia kuna mwanafalsafa wa Marekani, Robert Nozick, aliyesema kutoza kodi jasho la mtu ni sawa na kumtumikisha kwa nguvu. Nikamjibu kwamba wazee wetu hawakuhitaji chuo kulijua hilo. Mjerumani alipodai kodi ya nyumba, asiye na rupia aliilipa kwa jembe, akilimishwa. Sisemi tusitoe kabisa, zahanati naitaka, na salfa ya ruzuku, dawa ya unga ya mikorosho, naipokea. Ila niombwe kwanza, halafu nionyeshwe ilikokwenda.

Na hili la LUKU, umeme wa kulipia kabla! Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Binti yangu amepanga Mtwara mjini, chumba na sebule. Kodi ya pango analipa, na akinunua umeme analipa na kodi ya jengo ambalo hata msumari haruhusiwi kupigilia ukutani. Mwenye jengo yuko Dar es Salaam, hana habari.

Dawa ninayo. Kila mwenye mstari kwenye kikaratasi changu alete mtu mmoja shambani mwezi wa sita, alfajiri kabla upepo haujaamka, tupulize salfa pamoja. Huyo Mengineyo naye asikose, nataka kumjua sura. Mashine ninayo. Petroli waje nayo.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara