Taimingi ya 5A haisetiwi kwa sikio

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Buzuruga. Naomba nafasi niongee na mafundi wetu wa hapa Mwanza na sisi tunaowapelekea gari, kuhusu hii tabia ya kuseti taimingi ya moto, yani wakati wa plagi kupiga cheche, kwa sikio kwenye gari za EFI (zinazopulizia mafuta kwa kompyuta) zenye distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Nasemea zile Toyota, Carina Ti, Corolla 110, Premio za zamani, injini za 5A na 4A, ambazo mjini hapa zimejaa na wengine ndo zinatulisha.

Mi naendesha teksi, Carina Ti ya 5A. Mwaka jana nilibadilishiwa taimingi belti, belti ilifungwa vizuri tu, ila mwisho fundi akalegeza distributa akawa anaizungusha huku na huku anasikiliza, injini ilivyotulia akakaza akasema tayari hiyo bosi. Kuanzia siku hiyo gari ikawa nzito. Kupanda Bugando na abiria wanne mpaka niweke namba moja, mafuta niliyozoea yanifikishe jioni yanakata saa nane mchana, na nikikaa foleni Mabatini mshale wa joto unapanda. Nikaambiwa ni rejeta, nikanunua rejeta. Nikaambiwa thamostati, ikatolewa ikatupwa. Nikaambiwa sasa itakuwa pampu ya mafuta, hapo ndo nikagoma maana hela ya ada ilishaanza kuguswa.

Aliyeliona tatizo ni kijana mmoja wa Igoma mwenye taa ya taimingi. Aliacha injini ipate moto vizuri, akazima AC na taa zote, akafungua kale kaboksi keusi ndani ya boneti kenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS, akachukua kipande cha waya akaunganisha tundu la TE1 na la E1, taa ya chek injini kwenye dashibodi ikaanza kuwaka na kuzima. Afu akabana klipu ya taa yake kwenye waya wa plagi namba moja, ule wa upande wa belti, akamulika puli ya krenki. Alama inatakiwa isome 10, yangu ilikuwa inasoma 3. Digrii 7 tu hizo, ndo zimenila miezi yote ile!

Sasa huo waya ndo wengi wanauruka na ndo kila kitu. Usipouweka, kontroli boksi, yani kompyuta ya injini, inajipangia moto yenyewe, we unazungusha distributa huku na yenyewe inasogeza moto na hewa ili sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) itulie, kwahiyo unachosikia siyo ulichokifanya. Ukiunganisha TE1 na E1 inaacha kujipangia, inabaki kwenye msingi, na msingi wa 5A ni digrii 10 kabla pistoni ya kwanza haijafika juu kabisa, injini ikiwa sailensa. Na distributa inazunguka nusu ya spidi ya krenki, yani ukiisogeza digrii 1 kule chini ni digrii 2, sikio gani la binadamu litapima hiyo? Yule kijana alikuwa anaisukuma kidogo sana kwa kiganja, anamulika, anasukuma tena, akakaza bolti akamulika mara ya mwisho kwasababu wakati wa kukaza huwa inahama, ndo akatoa waya.

Kusikiliza kulifaa enzi za kabureta, Datsun na Peugeot 504, siwalaumu wazee wetu waliotufundisha hivo. Lakini moto ukichelewa petroli inakuwa bado inaungua wakati valvu ya kutolea moshi inafunguka, nguvu inapotea na joto linaishia kwenye silinda hedi na ekzosti, we unahangaika na rejeta. Moto ukiwahi ndo hatari zaidi, injini inagonga ukipanda mlima kama sarafu kwenye kopo, na pistoni hazivumilii hiyo muda mrefu. Tena huku kwetu tuko juu ya usawa wa bahari zaidi ya mita 1,100, hewa ni nyepesi, injini iliyowahishwa inaweza isigonge kabisa ukaona fundi kapatia, mwenye gari akishuka nayo Dar na mzigo ndo inaanza kugonga, na kilomita 1,100 kutoka kwa fundi wake.

Niseme na hili, kama belti imeruka jino usihangaike na distributa, rudi kwenye alama za belti kwanza. Na zile injini mpya zaidi za VVT-i zenye koili juu ya kila plagi hazina distributa ya kuzungusha, fundi akikwambia anakusetia taimingi ya moto muulize anashika nini.

Nawaomba wenye gereji, hata mkichanga watatu wanne, nunueni hiyo taa. Na sisi madereva, fundi akishika spana namba 12 kulegeza distributa tumuulize pale pale, fundi, taa iko wapi na waya uko wapi? Bila hivo asiiguse.

Yangu siku hizi inapanda Bugando namba mbili na abiria wote.

Dereva teksi,
Buzuruga, Mwanza