Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tafiti za sayansi zisiishie kabatini

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Shikamoo. Nafundisha fizikia sekondari ya serikali hapa Temeke. Ombi langu ni moja: Wizara ikiamua namna sayansi itakavyofundishwa, ituambie hadharani imesoma utafiti gani, imekubali nini, imekataa nini, na kwa nini.

Chukua suala la lugha, maana hapo ndipo tunapoumia kila siku. Nikiwauliza kidato cha pili kwa Kiingereza kwa nini pantoni ya Kigamboni inaelea na msumari unazama, darasa zima linainamia madaftari. Nikirudia swali lile lile kwa Kiswahili, wanagombea kujibu. Mmoja anasema pantoni ina uwazi ndani. Mwenzake anambishia: ni yale maji inayoyasukuma pembeni, ndiyo yanayoibeba. Huyu wa pili ameshamfikia Archimedes, mwanasayansi wa kale aliyeeleza kwa nini vitu huelea. Lakini kwenye mtihani atakosa alama, kwa kuwa hana Kiingereza cha kuandikia anachokijua.

Haya yalishasemwa. Tume ya Makweta, iliyoundwa na Rais kuchunguza elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1984 Criper na Dodd, watafiti wa Uingereza waliopima Kiingereza cha wanafunzi wetu, walikuta wengi hawakimudi kiasi cha kusomea masomo mengine. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wameandika juu ya hili miaka nenda rudi. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Mimi bado nafundisha kwa Kiingereza.

Serikali ina haki ya kutofuata ushauri wa wataalamu. Kuna gharama za vitabu, kuna wazazi wanaotaka Kiingereza, na hayo ni mambo ya kupimwa kweli. Ila sijawahi kupokea waraka unaoniambia yalipimwa vipi, na mwalimu asiyeelezwa hutekeleza kwa shingo upande.

Watafiti nao wana lao. Mwalimu mwenzangu alisoma shahada ya uzamili, akaandika tasnifu kuhusu maabara ambamo wanafunzi kumi wanazunguka bureti moja, yaani mrija wa kupimia kimiminika: mmoja anafungua koki, tisa wananakili majibu. Ni kazi nzuri, lakini ni ndefu, ni ya Kiingereza, na imebaki maktaba. Anayeandaa muhtasari wa somo hawezi kuisaka huko.

Mheshimiwa, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, iko Kijitonyama; Taasisi ya Elimu, inayoandaa mitaala, iko Mikocheni; chuo kikuu kiko Mlimani; na DUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu, iko Chang'ombe. Mtu wa daladala anazimaliza zote kwa siku moja, na zote ziko chini ya Wizara yako. Agiza kila tasnifu ya elimu ya sayansi iwe na kurasa mbili za Kiswahili, nakala ipelekwe Taasisi ya Elimu, na taasisi ijibu kwa maandishi. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, kwa hiyo yapo mengi ya kurekebisha wakati bado ni mapema. Maswali ya kuanzia tunayo sisi walimu. Tuma mtu aje ayachukue, hata kesho, vipindi vikiisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia, Temeke